Sura ya Sita: Chuo, Kuni na Uwanda wa Ufipa

Mtu asafiriye kutoka Tunduma, akaipita Laela na kuukaribia mji wa Sumbawanga, huona kuume na kushoto nchi iliyo wazi mno, yenye vilima vya mgongo mpana vilivyovikwa majani mafupi, na miti michache iliyotengana kwa masafa marefu, hata akadhani kuwa ardhi hii iliumbwa hivyo tangu awali na kwamba haikupata kuujua msitu. Dhana hiyo ina ukweli kwa sehemu tu. Uwanda wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika kwa magharibi na Bonde la Rukwa kwa mashariki, una baridi, una upepo, na hupata mvua ya msimu mmoja ianzayo Novemba na kuaga Aprili, na majani yamekuwa na makao humo tangu zama za kale. Lakini uwazi tunaouona leo ni kazi ya tabia ya nchi na ya mkono wa binadamu kwa pamoja, na mkono huo ulitumia shoka, ukatumia jembe, na zaidi ya vyote viwili ukatumia moto wa kiangazi.

Wafipa walikuwa mafundi wa chuma wenye sifa iliyovuka mipaka ya nchi yao. Tanuri zao kubwa, ziitwazo malungu, zilijengwa kwa udongo wa kichuguu zikapanda kimo cha mita tatu hivi, na ajabu yake ni kwamba hazikuvukutwa: hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, ikavutwa juu na joto la tanuri, na chuma ghafi kilichotoka humo kikapelekwa kwenye tanuri ndogo, kintengwe, ambamo kilisafishwa kwa moto wa mivukuto kabla ya kumfikia mhunzi aliyefua majembe, mashoka na mikuki. Kazi hiyo iliendelea hata siku za utawala wa Waingereza, kisha ikafifia, majembe ya kiwandani yalipojaa madukani. Mabaki ya malungu yangali yamesimama hapa na pale uwandani, na kila ayatazamaye kwa heshima, kama wanavyostahili mafundi wale, na akumbuke pia kwamba tanuri moja ilitaka makaa mengi, na makaa yalitaka miti mingi, na miti ya nchi ya baridi haina haraka ya kurudi.

Habari hizi za kale nimezitanguliza kwa sababu sura hii inahusu jambo la leo, nalo ni wajibu wa chuo na jamaa zake wote, yaani walimu, wanachuo, wapishi, walinzi na jirani, mintarafu ya hifadhi ya ardhi, maji na miti ya mahali kilipo. Aghalabu tukitaja mazingira mbele ya wanachuo tunaanza na barafu inayoyeyuka katika ncha za dunia na misitu inayoangamia Amerika ya Kusini, mambo ambayo ni ya kweli na ya kutisha, lakini ambayo mwanachuo wa Sumbawanga hana shoka mkononi wala ndoo ya kuyafikia. Wakati huo huo, hatua chache nyuma ya darasa alilokalia, jiko la chuo linateketeza kuni tangu alfajiri, maji ya mvua yanaporomoka kutoka mabati na kuchimba korongo katika uwanja, na majani yaliyofyekwa kwa zamu ya asubuhi yanachomwa moto, ilhali babu zake waliyafukia kwa makusudi ili yalishe udongo. Hoja yangu katika sura hii yote ni moja: chuo hufundisha utunzaji wa mazingira kwa jinsi kinavyopika, kinavyoteka maji, kinavyolima na kinavyotupa taka, na mwanachuo huondoka na mazoea hayo hata kama ameisahau mihadhara yote aliyoisikia.

Katika mji wa Sumbawanga na wilaya zinazouzunguka vimo vyuo vya namna nyingi: kipo Chuo cha Ualimu Sumbawanga, vipo vyuo vya afya na vya ufundi stadi, na ipo ndaki ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya. Nasaha za sura hii ni za wote, lakini nitasema zaidi juu ya chuo cha ualimu, kwa kuwa mwalimu mmoja aliyehitimu huenda akakaa miaka 30 kazini, akahamishwa kutoka kijiji hadi kijiji, akapokea kila mwaka watoto wapya wanaoiga atendayo kabla ya kuyafahamu asemayo. Mwanachuo akienda katika mazoezi ya kufundisha, katika shule iliyo ukingoni mwa Bonde la Rukwa au kando ya Ziwa Tanganyika, hubeba pamoja na maandalio ya somo mazoea ya mahali alipolelewa. Akiwa amezoea kuona takataka zikichomwa nyuma ya bweni, atazichoma nyuma ya darasa. Na akiwa amezoea kuona mboji ikigeuzwa kwa uma kila juma, atawafundisha watoto kuigeuza bila ya kungoja waraka kutoka wizarani.

Taifa letu lina urathi wa fikra hii. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa risala yake ya Elimu ya Kujitegemea, ambamo alitaka kila shule iwe pia jamii inayozalisha sehemu ya mahitaji yake, na shamba la shule liwe mahali pa kujaribia maarifa. Katika shule nyingi maana hiyo ilipotea njiani: shamba likawa mahali pa adhabu, na mwanafunzi aliyechelewa ndiye aliyepewa jembe, hata akamaliza masomo akiwa na yakini kwamba jembe ni malipo ya makosa. Hii ni taksiri kubwa, na athari yake tungali nayo. Chuo kitakacho kuhifadhi ardhi yake kianze kwa kuliondoa jembe katika orodha ya adhabu, kwani haiwezekani kumwadhibu mtu kwa kumpa kazi saa nne ya asubuhi kisha kumtaka aipende kazi hiyo hiyo saa kumi jioni.

Na sasa tuingie jikoni, mahali ambapo wageni wa heshima hawapelekwi, ingawa hapana mahali pengine chuoni panapoonyesha dhahiri zaidi uhusiano wetu na msitu.

Chukua mfano wa chuo cha bweni chenye wanachuo 300. Chakula chake cha siku nyingi za juma ni ugali na maharage, chakula chema, chenye nguvu, kinachotoka katika mashamba ya uwanda huu huu. Ugali hauna madai makubwa ya moto. Maharage ndiyo yanayokula kuni. Na hapa Ufipa yanakula zaidi ya mahali pengine, kwa sababu ambayo kila mwalimu wa fizikia anaifahamu, lakini ambayo ni nadra kupelekwa jikoni: kadiri tunavyopanda juu ya usawa wa bahari ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Katika kimo cha mji wa Sumbawanga, ambacho ni kiasi cha mita 1,800, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na hayaongezeki joto hata ukichochea gogo zima chini ya sufuria. Kwa hiyo maharage yaivayo kwa saa mbili Dar es Salaam hukawia zaidi huku, na mpishi asiyeambiwa sababu huongeza kuni, akidhani moto ni hafifu, kumbe moto ule wa ziada unayapoteza maji kwa mvuke tu na wala hauivishi punje moja kwa haraka.

Dawa ya kwanza haina gharama. Maharage yakirowekwa usiku kucha, yakatupwa maji yale na kupikwa kwa maji mapya, muda wa kuyapika hupungua kwa kiasi kikubwa. Dawa ya pili ni kifuniko kizito kikaacho sawasawa juu ya sufuria, na moto kupunguzwa mara maji yanapochemka, kwa kuwa baada ya kuchemka kazi ya moto ni kulinda joto lile lisishuke. Dawa ya tatu ni kuanika kuni. Kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake katika kuyakausha maji yaliyomo ndani yake, na moshi unaomliza mpishi na kumharibia mapafu ni ushahidi wa kuni zinazopotea bila ya kuwaka. Basi chuo kilicho na banda la kuni lenye paa na hewa, ambamo kuni zinakaa miezi kabla ya kuingia jikoni, hutumia kidogo na hupata moto mkali. Baada ya hayo ndipo tuzungumze juu ya majiko banifu, yale ya matofali na udongo yanayoimeza sufuria hata karibu na mdomo wake ili joto lisikimbie pembeni, yenye bomba la kuutoa moshi nje ya paa. Mafiga matatu yalitosha nyumbani kwa bibi, alipopikia watu sita. Kwa watu 300 ni israfu isiyo na udhuru.

Lakini chuo kitajuaje kwamba kimepunguza? Hapa ndipo nitakapo wanachuo waingie na elimu yao. Iwekwe mizani mlangoni pa banda la kuni. Kuni za kila siku zipimwe kabla ya kuingia jikoni. Na daftari liandikwe uzito wa kuni, idadi ya watu waliokula na aina ya chakula. Mwanachuo wa hisabati apewe daftari lile kila mwisho wa mwezi, agawanye kilo za kuni kwa idadi ya sahani, na jibu libandikwe katika ubao wa matangazo wa bwalo, mahali ambapo kila mwenye sahani mkononi atalisoma. Mwezi unaofuata, baada ya maharage kurowekwa, libandikwe jibu jipya chini ya lile la zamani. Sioni somo la sayansi, la uraia wala la hesabu za fedha lililo bora kuliko hilo, na gharama yake ni mizani moja na daftari moja.

Serikali imekwisha kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mwezi wa Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati iliyo safi. Ni azma njema, na vyuo havina budi kuitii. Walakini gesi ya mitungi husafiri masafa marefu kutoka pwani hadi Rukwa, na bei yake hufuata safari hiyo. Na biogesi, ambayo ingeweza kutoka katika zizi la ng'ombe wa chuo na hata katika vyoo, ina adui katika kipupwe cha Ufipa, kwa sababu vijidudu vinavyoitengeneza hupenda joto na hulegea kila baridi inapozidi, mwezi wa Juni na Julai. Mtambo unaojengwa hapa hauna budi kuzikwa vema ardhini na kuwa mkubwa kuliko ule wa Tanga au Morogoro kwa idadi ile ile ya ng'ombe. Nayasema haya kwa nia ya kuwasaidia watakaojenga wasije wakavunjika moyo katika mwaka wa kwanza wakaugeuza mtambo kuwa shimo la taka. Na hata chuo kilichokwisha kupata gesi au umeme kiendelee kuroweka maharage, maana akiba ya kuni ni akiba ya gesi vile vile.

Juu ya maji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hesabu yenyewe inajisemea. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya meta moja ya mraba huwa ni lita moja kamili. Bweni lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 10 lina paa la meta za mraba 300; nasi tukikadiria mvua ya mwaka kuwa milimita 800 tu, ambayo kwa uwanda huu si makisio ya kujipendelea, paa hilo moja hupokea lita 240,000 kwa mwaka. Tukiondoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka na kuvuja na yale ya kwanza yanayoosha vumbi, zinabaki lita 192,000, nazo zingewatosha wanachuo 300 kwa lita 10 kila mmoja kila siku kwa muda wa siku 64. Tangi la kuhifadhi maji hayo yote ni ghali, nakiri, lakini mfereji wa bati na tangi moja la kuanzia havimshindi mkuu wa chuo aliye na nia, hasa ikiwa chuo cha ufundi cha jirani kina vijana wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya uashi na uhunzi wa mabati. Kinachonisikitisha ni kuyaona maji hayo yakiachwa yachimbe makorongo chini ya michirizi, yachukue udongo wa juu ulio na rutuba, yaupeleke mtoni, na mto uuporomoshe chini ya magenge ya mashariki hata Ziwa Rukwa, ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutokea, ambalo kila kinachoingia ndani yake hubaki humo.

Udongo ndio utajiri mkuu wa Ufipa, na katika kuutunza hatuna haja ya kwenda kuazima maarifa ng'ambo. Wazee wa Kifipa walikuwa na kilimo cha matuta ya duara, intumba, ambacho wataalamu waliokitazama walikistaajabia. Mvua zikielekea mwisho, mkulima alilikwatua eneo la majani kwa jembe, akayapindua magamba ya ardhi pamoja na majani yake, akayakusanya katika tuta kubwa la udongo ambalo ndani yake majani yalifungiwa yaoze. Juu yake alipanda maharage au mazao mengine ya kutangulia. Na msimu uliofuata alilibomoa tuta lile, akalitandaza, akapanda ulezi katika ardhi iliyokwisha kulishwa. Majirani zao Wamambwe walikuwa na namna yao ya kilimo hicho hicho, wakiiita fundikila, na Wamatengo wa Mbinga wanalima ngoro, mashimo yaliyozungukwa na matuta katika miteremko mikali, ambayo huyashika maji na kuyafukia majani. Katika nchi isiyo na miti mingi ya kuchoma ili kupata majivu, Wafipa waliyafanya majani kuwa mbolea. Na leo wajukuu wao, katika viwanja vya shule na vyuo, wanayafyeka majani yale yale na kuyatia kiberiti, kisha wanapanga foleni kuomba mbolea ya ruzuku.

Ningependa kila chuo cha uwanda huu kiwe na robo eka ya intumba, ilimwe na wanachuo chini ya uongozi wa mzee au bibi wa kijiji cha jirani aliyepata kuilima, naye apewe kiti, chai na ujira kama anavyopewa mhadhiri mgeni. Kando yake ilimwe robo eka nyingine ya mahindi kwa mbolea ya dukani, na ya tatu isiyopewa kitu, na mavuno ya zote tatu yapimwe kwa miaka mitatu mfululizo. Nasisitiza miaka mitatu, kwa sababu udongo hautoi hukumu yake kwa msimu mmoja.

Na katika kuwaendea wazee hao wanachuo waende kwa adabu ya mtu anayetafuta elimu. Nchi yetu ina somo chungu juu ya hifadhi inayoletwa kwa amri. Katika milima ya Uluguru, Waingereza waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko; nia ilikuwa na hekima ndani yake, lakini kazi ilikuwa nzito, ardhi ya juu ilipinduliwa chini, mavuno yakapungua, wala hakuulizwa mtu; na mwaka 1955 wananchi wakaasi, mpango ukafa, na kwa miaka mingi baadaye neno lenyewe la matuta likawa na harufu ya dhuluma masikioni mwa Waluguru. Linganisha na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakajadiliana wenyewe, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima kwa hiari zao. Mwanachuo anayekwenda mtaa wa Majengo, hapa Sumbawanga, kuwaambia akina mama waache mkaa, bila ya kuwauliza wanaununua kwa kisado au kwa gunia, ni saa ngapi wanarudi kutoka sokoni, na ni chakula gani kinawakalia motoni muda mrefu, anafanya kazi ya bwana shamba wa kikoloni, hata kama amevaa fulana yenye maneno mazuri.

Nimeufikia upandaji wa miti, na hapa nitasema bila ya kuficha: nina mashaka makubwa na sherehe za kupanda miti. Mgeni rasmi huja, shimo limekwisha chimbwa, mche hushikwa kwa mikono miwili, picha hupigwa, watu hula, na mche huachwa na Mungu wake. Mbuzi huufikia kabla ya juma kwisha. Na ukisalimika na mbuzi, ng'ombe wanaoachiwa baada ya mavuno huukanyaga. Na ukisalimika na ng'ombe, moto wa Agosti huja na upepo wa uwandani na kuufanya majivu. Idadi inayotangazwa ni ya miche iliyopandwa. Idadi ya miti iliyo hai baada ya viangazi viwili haitangazwi, ingawa hiyo ndiyo idadi peke yake yenye maana.

Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Kenya aliifahamu tofauti hiyo. Yeye alikuwa mwanachuo na mwalimu wa chuo kikuu, bingwa wa elimu ya miili ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kazi iliyompatia Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004 aliianza mwaka 1977 kwa miche michache na wanawake wa vijijini waliohitaji kuni na maji. Wanawake wale walianzisha vitalu vyao, na kifuta jasho walichopewa na harakati ile ya Green Belt kilihesabiwa kwa mche uliothibitika kuwa hai baada ya kuhamishwa kitaluni. Wanachuo wetu na waige hapo. Kila bweni lipewe eneo lake na miti yake. Ihesabiwe Desemba na ihesabiwe tena Oktoba, mwisho wa kiangazi. Na heshima, kombe au mbuzi wa karamu apewe mwenye miti mingi iliyo hai.

Kalenda ya kitalu katika uwanda huu haina siri. Mbegu ziwe zimekwisha kutiwa katika viriba ifikapo Julai au Agosti, zifunikwe kwa majani makavu kuzilinda na baridi ya usiku, zinyweshwe kiangazi chote kwa zamu, na miche itoke kitaluni mvua zinaposhika vema, Desemba na Januari, ipate miezi mitatu ya maji kabla ya Aprili. Mche uliopandwa mwishoni mwa Machi kwa sababu ndipo mgeni rasmi alipopata nafasi umehukumiwa kifo. Juu ya aina za miti, mkaratusi una haki yake: hukua upesi, huchipua ukikatwa, na shamba la chuo la mikaratusi kwa ajili ya kuni na nguzo ni jambo la busara, mradi liwe mbali na chemchemi na mabonde ya maji, kwa kuwa mti ule una kiu. Kandokando ya vijito ipandwe miti ya asili, mikuyu na jamaa zake, na ikumbukwe ya kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kuzunguka shamba lote ulimwe mkanda wa ardhi tupu kabla ya Juni, ili moto ukija usipate cha kukanyagia.

Taka na matofali nitayapitia tu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na katika jambo hilo taifa lilionyesha kwamba mazoea ya miaka mingi yanaweza kugeuzwa kwa siku chache watu wakikusudia. Chuo kitenge tu maganda na mabaki ya chakula kwa ajili ya mboji na nguruwe, na kitaona kilichobaki ni kidogo. Matofali ni shauri zito zaidi. Nyumba nyingi za Majengo na mitaa mingine ya Sumbawanga zimejengwa kwa tofali za kuchoma, na kila tanuri ya matofali humeza magogo kwa siku kadha. Chuo kinachojenga darasa jipya kwa tofali za kufungamana, za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine pasipo kuchomwa, huwaonyesha mafundi wa mtaani njia iliyo wazi mbele ya macho yao, nao ni wepesi wa kuiga kitu kinachopunguza gharama.

Hatimaye, wanachuo wapelekwe Mbizi. Milima hiyo iko jirani kabisa na mji, imepanda zaidi ya mita 2,000, na katika mabonde yake umesalia msitu wa asili wa nchi ya baridi, akali ya kile kilichokuwapo, unaozungukwa pande zote na majani na mashamba. Humo wanaishi mbega wekundu, jamii ya kima isiyoonekana katika sehemu nyingi za nchi, na humo vinaanza vijito vinavyowanywesha watu wa chini. Wako vijana wa Sumbawanga waliozaliwa, wakasoma na kuhitimu wakiitazama milima hiyo kila asubuhi bila ya kuingia msituni hata mara moja. Dakta Jane Goodall, aliyefika Gombe katika ufuko wa Ziwa Tanganyika mwaka 1960 kuchunguza sokwe, alipoanzisha Roots & Shoots nyumbani kwake Dar es Salaam mwaka 1991 pamoja na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari, alianza kwa kuwasikiliza vijana wakieleza waliyoyaona kwa macho yao katika mitaa yao, na chama hicho kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Klabu ya mazingira ya chuo inayokwenda Mbizi kila muhula, ikiandika tarehe ya maua, kiasi cha maji katika kijito kile kile na mahali moto ulipopita, itakuwa na kumbukumbu ambayo baada ya miaka 10 hata wataalamu wa Wakala wa Huduma za Misitu watakuja kuiomba.

Nawaelekea wakuu wa vyuo vya Rukwa kwa taadhima, nikijua uzito wa kazi zao na uchache wa fedha wanazopewa. Yaliyo mengi katika sura hii hayangoji bajeti. Kabla ya mvua za Novemba ijayo, inunuliwe mizani ya kuni, lifunguliwe daftari la jiko, wapishi waitwe katika kikao cha walimu waelezwe habari ya nyuzi 94, na usiku ule ule maharage ya kesho yarowekwe.